Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyegeuka Simba wa Kenya

MVUA ya Pasaka ilipokuwa ikinyesha katika miaka ya sitini na sabini, wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya walijua kuwa haingepita siku nyingi kabla ya barabara zao kujaa ngurumo. Kutoka Murang'a hadi Nyeri, kutoka Nanyuki hadi Timau, Meru, Chuka na Embu, watu waliacha mashamba na maduka yao wakasimama kando ya njia kuyasubiri magari ya Safari Rally.

Katika magari hayo yote, lipo moja ambalo umati haukukosa kulitambua hata likiwa limefunikwa kwa tope hadi kiooni. Dereva wake alivaa kilemba. Jina lake lilikuwa Joginder Singh, naye alikuwa fundi wa magari kabla hajawa dereva wa mashindano.

Joginder alishinda mashindano hayo mara tatu, mnamo 1965, 1974 na 1976, na alikuwa dereva wa kwanza kufikisha idadi hiyo. Hata hivyo, ipo takwimu nyingine ambayo mafundi huithamini kuliko vikombe hivyo vitatu. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, na mara 19 gari lake lilifika mwisho.

Ili kuielewa takwimu hiyo, ni sharti mtu akumbuke kwamba katika mashindano ya 1963 na tena yale ya 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza safari. Kumaliza kwenyewe kulikuwa ushindi. Kumaliza mara 19 kati ya 22 hakuwezi kuelezwa kwa bahati. Maelezo yake yanapatikana gerejini.

Mtoto wa gereji ya Kericho

Joginder Singh alizaliwa mnamo Februari 1932 mjini Kericho, akiwa kifungua mimba katika familia kubwa ya Singasinga, au Kalasinga kama Wakenya wengi walivyozoea kuwaita. Baba yake alikuwa ametoka Punjab, nchini India, katika miaka ya ishirini, akafungua gereji katika mji huo wa majani chai.

Wahindi walikuwa wameletwa kwa maelfu kuanzia 1896 kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi wa jamii ya Singasinga: wahunzi, maseremala na waashi. Reli ilipokamilika, baadhi yao walibaki na kutawanyika mijini, wengine wakawafuata baadaye, na magari yalipoanza kuingia nchini, mikono iliyokuwa imezoea nyundo na tupa iliingia katika kazi ya gereji bila shida.

Katika gereji ya baba yake, Joginder alianza kama vijana wote wa kazi hiyo wanavyoanza: kupitisha spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kushika taa huku mtu mzima akiwa chini ya gari. Hapo ndipo alipojifunza kuwa mashine haifi ghafla. Hutoa ishara kwanza. Sauti hubadilika, usukani huwa mzito, joto hupanda, harufu ya mafuta au ya klachi inayoungua huingia ndani ya gari. Fundi mzuri ni yule anayeisikia ishara hiyo mapema.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Royal East African Automobile Association kama fundi wake wa kwanza wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani. Hapakuwa na ghala la vipuri wala shimo la kuingilia chini ya gari. Alilazimika kuitambua hitilafu upesi na kuirekebisha kwa vifaa alivyobeba.

Hakuna chuo ambacho kingemwandaa vyema zaidi kwa Safari Rally.

Mashindano yaliyozaliwa na taji

Chimbuko la mashindano hayo lina uhusiano wa karibu na Nyeri. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa akitazama wanyama katika hoteli ya Treetops, kwenye msitu wa Aberdare nje ya mji wa Nyeri. Baba yake aliaga dunia usiku huo, na habari hizo zikamfikia siku iliyofuata akiwa katika nyumba ya Sagana, huko huko Nyeri. Alikuwa amekuwa malkia bila kujua.

Mwaka uliofuata, kundi la wapenzi wa magari jijini Nairobi wakiongozwa na Eric Cecil waliamua kuadhimisha kutawazwa kwake kwa mashindano ya masafa marefu kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianza Mei 27, 1953 na yaliitwa Coronation Safari. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, tena hapo mwanzo yaligawanywa katika makundi kulingana na bei wala si kwa ukubwa wa injini.

Wakati huo wenyeji wa Nyeri walikuwa na mambo mengine mioyoni. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mnamo Oktoba 1952. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ilikuwa uwanja wa vita vya Mau Mau, na familia nyingi zilihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri mnamo Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Kwa walio wengi, mbio za magari zilikuwa starehe ya Mzungu.

Hata ndani ya mchezo wenyewe kulikuwa na ngazi. Ingawa D.P. Marwaha, Mkenya mwenye asili ya Kiasia, alikuwa mwelekezi wa Vic Preston katika ushindi wa 1954 na 1955, usukani ulibaki mikononi mwa Wazungu. Kwa kawaida Mwasia alikuwa fundi, na Mwafrika akawa msaidizi wa fundi. Ndivyo hali ilivyokuwa Joginder alipoingia kwa mara ya kwanza mnamo 1959.

Gari lililokwisha kutumika

Ushindi uliomfanya Joginder kujulikana kote duniani ulitokana na gari ambalo wengine walikuwa wamelikatia tamaa.

Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilikuwa na sifa kubwa Ulaya. Gari lake aina ya PV544, lenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, lilishinda mashindano ya RAC nchini Uingereza mnamo 1963 na 1964 likiendeshwa na Tom Trana. Lakini lilipoletwa Safari mwaka wa 1964, barabara za Afrika Mashariki hazikulihurumia.

Joginder na ndugu yake Jaswant walilipata moja la magari hayo yaliyotumiwa na timu ya kiwanda. Lilikuwa limekwenda maelfu ya kilomita za mateso. Mtu mwingine angeona chuma chakavu. Macho ya fundi yaliona mwili imara, injini ya silinda nne ya lita 1.8 isiyo na mambo mengi, na nafasi nzuri kati ya tumbo la gari na ardhi.

Kazi ya kuliandaa gari la Safari huanza kwa kulivunja. Viti hutolewa, injini hushushwa, giaboksi, ekseli na difu hufunguliwa, hadi unabaki mwili mtupu. Kila kiungo hukaguliwa, kwa kuwa ufa mdogo kama unywele huwa mpasuko baada ya kilomita elfu moja za mashimo. Palipo dhaifu huchomelewa na kuongezewa bamba. Kisha gari huunganishwa upya, kipande kwa kipande, na kila nati hukazwa kwa kipimo chake, kwani ikilegea itatoka na ikikazwa kupita kiasi itakatika.

Chini ya injini hufungwa bamba nene la chuma la kukinga sampu, kwa sababu jiwe moja likitoboa chombo hicho cha oili, injini hukwama kwa dakika chache. Mabomba ya breki na ya petroli hupitishwa mahali ambapo mawe hayafiki. Springi hubadilishwa kwa nyingine ngumu zaidi, pamoja na shokapu, lakini si ngumu mno, maana gari lisilonesa huhamishia kila kishindo kwenye mwili na kuupasua. Nyuma hufungwa vishikio na vikanyagio, ili gari likizama kwenye tope mwelekezi asimame juu yake na kuyaongezea magurudumu uzito.

Baada ya hapo ndipo marekebisho madogo madogo huja: nafasi za vali, wakati wa plagi kutoa cheche, mwelekeo wa magurudumu ya mbele, upepo wa matairi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana na mtazamaji barabarani. Lakini hayo ndiyo huamua ni gari lipi litakalopita kijijini mwake na lipi litakalovutwa kwa trekta.

Kura ilipopigwa mwaka huo wa 1965, ndugu hao walipewa nambari 1, yaani wawe wa kwanza kuondoka. Nafasi hiyo ina utamu na uchungu. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na njia huikuta haijachimbwa na magurudumu ya wenzake. Lakini hana alama za kufuata gizani. Yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kugundua kuwa mto umefurika, daraja limesombwa, au kundi la ng'ombe limelala katikati ya barabara.

Magari mengi yaliachwa njiani mwaka huo. Volvo ile nzee ilirudi ikiwa mbele ya aliyeifuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Madereva wa timu za viwanda, waliokuja na vipuri na mafundi wao kutoka ng'ambo, walikuwa wameshindwa na wana wawili wa gereji ya Kericho.

Somo la mlima

Miongoni mwa njia zilizowafundisha madereva wa Safari unyenyekevu, ile ya kuuzunguka Mlima Kenya ina nafasi yake ya pekee. Katika siku moja gari lilipitia karibu kila jaribu ambalo fundi anaweza kuliwaza.

Jaribu la kwanza ni hewa. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na Timau iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini hukohoa, moshi mweusi hutoka, plagi hushika masizi, na nguvu hupungua pale pale inapohitajika kupanda mlima. Akiipunguza petroli ili kuiridhisha Timau, fundi ajue kuwa akiteremka tena kuelekea pwani injini itapata petroli kidogo mno, ichemke na pengine kuunguza vali. Kilichotakiwa ni kupata kipimo cha kati ambacho injini ingekivumilia kote kote, na kipimo hicho hupatikana kwa sikio na uzoefu.

Jaribu la pili ni udongo. Miteremko ya Nyeri na Murang'a ina udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukilowa. Tambarare za upande wa Laikipia na Mwea zina udongo mweusi unaonata, unaojaza nafasi kati ya tairi na mwili wa gari hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Tairi linalofaa kwa mmoja halimfai mwingine. Wapo waliopunguza upepo ili tairi lishike zaidi, kisha wakalipasua kwenye mawe kilomita chache mbele.

Jaribu la tatu ni maji. Upande wa mashariki wa mlima, kati ya Meru, Chuka na Embu, mito hufuatana mmoja baada ya mwingine kama vidole vya mkono, kila mmoja ukiwa umechimba bonde lake. Kabla ya lami, barabara hiyo ilikuwa mfululizo wa miteremko mikali, kona na madaraja membamba. Breki zilichemka katika kuteremka, na klachi ikaumia katika kupanda. Palipofurika, dereva mwenye busara alisimama kwanza. Mkanda wa feni ulilegezwa ili feni isirushe maji juu ya plagi, disitribyuta ikafunikwa, kisha gari likaingia majini polepole bila kusimama.

Na usiku ukawa juu ya yote hayo, pamoja na ukungu unaoshuka kutoka msituni.

Mashindano ya aina hiyo, ya kilomita zipatazo 5,000 kwa siku chache, hayakumpa ushindi aliyekimbia zaidi kwa saa moja. Yalimpa aliyeweza kuhesabu. Joginder alijulikana kwa kulihurumia gari. Alijua ni wapi pa kukanyaga mafuta na ni wapi pa kulegeza mguu. Mashabiki wa pande hizo walipata kuwaona madereva maarufu wa Ulaya wakipita kwa kishindo, kisha baadaye wakasikia kuwa wamekwama mtoni, ilhali kile kilemba kilipita kwa utulivu na kufika.

Swali la uraia

Ushindi wa 1965 ulikuja katika kipindi ambacho Wakenya wenye asili ya Kiasia walikuwa njia panda. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na wale ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba uraia. Wengi walisita. Baadhi waliogopa kupoteza biashara zao, wengine walishikilia pasipoti za Uingereza, na Wakenya Waafrika nao walikuwa na malalamiko ya haki kuhusu uchumi uliokuwa mikononi mwa wachache.

Hali iliendelea kuwa ngumu. Mnamo 1968 maelfu ya Waasia waliondoka Kenya, na Uingereza ikapitisha sheria ya haraka kuwazuia wengi wao kuingia. Mwaka wa 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda.

Katikati ya misukosuko hiyo, umati ulioshangilia kando ya barabara ulimpa Joginder jina ambalo halikuwa na swali lolote ndani yake: Simba wa Kenya. Jina hilo lilimfaa kwa namna mbili. Neno Singh, ambalo Singasinga wanaume hulibeba, maana yake ni simba. Ng'ambo walimwita Singasinga anayepaa, lakini hapa nyumbani alikuwa simba, tena wa Kenya.

Haingekuwa kweli kudai kuwa mbio za magari zilimaliza chuki au mashaka. Mwenye duka aliyeondoka mwaka wa 1968 hakurudi kwa sababu ya Safari. Lakini watoto wa Karatina na Chuka waliotengeneza vigari vya waya na kuviendesha kwa usukani mrefu vumbini, hawakuuliza asili ya dereva waliyejifanya kuwa yeye.

Lancer ndogo na majabali

Baada ya 1965, Joginder alikaa miaka tisa bila kushinda, ingawa hakuwa mbali. Mnamo 1969 alikuwa wa pili akiendesha Volvo 142S pamoja na Bharat Bhardwaj. Mwaka uliofuata alikuwa wa pili tena, safari hii kwa Datsun 1600 SSS akiwa na Ken Ranyard, nyuma ya Edgar Herrmann.

Mashindano nayo yalikuwa yamebadilika. Mnamo 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kuanzia 1973 kulikuwa na mashindano ya ubingwa wa dunia ya watengenezaji magari, na Safari ilikuwa mojawapo. Timu za Ulaya zilianza kuja na ndege za kutoa mawasiliano, malori ya vipuri na mafundi kadhaa kwa kila gari. Ilionekana kuwa enzi ya fundi wa gereji imekwisha.

Mwaka wa 1974, Joginder akiwa na umri wa miaka 42, aliingia na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo ambalo wachache walilitilia maanani. Mwelekezi wake alikuwa David Doig. Mbele yao walikuwamo akina Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche 911, gari lenye nguvu nyingi zaidi.

Mvua ilinyesha bila huruma. Porsche ilikuwa na mbio, lakini ilipata hitilafu. Lancer ilikuwa nyepesi, na muundo wake rahisi uliweza kurekebishwa upesi. Mwishoni Joginder alikuwa wa kwanza na Waldegård wa pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia, na tangu hapo kampuni hiyo ya Japani ikawa jina kubwa katika mchezo huo kwa miongo kadhaa.

Mnamo 1976 alirudia. Pamoja na Doig kwa mara nyingine, aliongoza Lancer tatu zilizochukua nafasi tatu za kwanza, akifuatwa na Robin Ulyate na Andrew Cowan. Magari yenye nguvu ya viwanda vya Ulaya yalikuwa yameachwa njiani. Mwaka huo Joginder alikuwa na miaka 44.

Kuna jambo la kutafakari katika ushindi huo wa mwisho. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu ile Volvo, na kila kitu katika mchezo kilikuwa kimebadilika isipokuwa barabara. Mashimo ya Kenya hayakujali bajeti ya timu. Ndiyo maana maarifa aliyoyapata chini ya magari ya wateja wa Kericho yaliendelea kuwa na thamani pale fedha ziliposhindwa.

Mwisho wa safari

Joginder alishiriki Safari kwa mara ya mwisho mnamo 1980. Nduguze Jaswant na Davinder pia walikuwa wameshiriki mashindano, na familia hiyo ikawa na jina lake katika historia ya mchezo huo. Kwa wakati huo, rekodi yake ya ushindi ilikuwa karibu kupitwa. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa Mkenya, aliendelea kushinda hadi mara tano, mnamo 1973 na kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982.

Simba wa Kenya aliaga dunia Oktoba 2013 jijini London, akiwa na umri wa miaka 81.

Safari yenyewe imepitia mengi. Iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarejeshwa mwaka wa 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Mashindano hayo ya sasa ni mafupi, hupita katika njia zilizofungwa, na magari hutengenezwa kwa elektroniki ambazo fundi wa kando ya barabara hawezi kuzigusa kwa spana. Barabara ya kutoka Nyeri hadi Nanyuki, Meru na Embu nayo ni ya lami. Msafiri anaweza kuuzunguka mlima mzima kwa siku moja na viatu vyake visishike tope.

Pamoja na hayo, yeyote anayepita katika gereji za jua kali za Nyeri, Karatina au Nanyuki hukuta kazi ile ile ikiendelea. Matatu iliyovunjika springi huinuliwa kwa jeki na magogo. Kijana aliyejipaka grisi hadi viwikoni hupitisha spana kwa mkubwa wake, akisikiliza injini ikinguruma na kujaribu kutambua inalalamikia nini. Hakuna kamera wala umati.

Joginder Singh alianzia hapo hapo. Alichowathibitishia madereva wa viwanda vikubwa, kwa mashindano 22 na mara 19 za kufika, ni kwamba gari huanza kushinda kabla halijawashwa, mikononi mwa mtu aliyelifungua lote, akalijua, kisha akalifunga tena vizuri.